Cheche Ipoteayo Katikati ya Njia: Kutafuta Kasoro za Umeme Katika Motokaa ya Mbio

Hotuba kwa mafundi wa motokaa, na kwa wote wapendao kuifahamu kazi hiyo



Katika nchi ya Marekani kuna mashindano ya motokaa ambayo huanza na kwisha kabla mtazamaji hajapata nafasi ya kuvuta pumzi mara nne. Motokaa mbili husimamishwa sambamba mwanzo wa njia iliyonyoka, taa huwaka, na taa ya kijani ionekanapo zote mbili hufyatuka kwa pamoja. Hakuna kona, hakuna mlima, wala hakuna mzunguko wa pili wa kusahihisha makosa ya mzunguko wa kwanza. Urefu wa njia ni robo maili, yaani futi 1,320, naye atanguliaye kufika ndiye mshindi.

Mchezo huu ulikuzwa na vijana wa California, ambao walizoea kushindana jangwani na hata katika barabara za watu wote, jambo lililoleta ajali nyingi na ugomvi na polisi. Mwaka 1950 njia maalum ilifunguliwa katika uwanja wa ndege wa Santa Ana, na mwaka 1951 Wally Parks alianzisha chama cha NHRA ili mbio hizo ziwe na kanuni. Motokaa zilizo kali kuliko zote hazitumii petroli bali nitromethani. Tangu mwaka 2008 motokaa hizo hukimbia futi 1,000 tu, na juu ya hivyo zimekwisha kupita mwendo wa maili 330 kwa saa.

Lakini wengi wa washindani si watu wa motokaa kama hizo. Ni watu wa kazi za kila siku, ambao hununua gari kuukuu lenye injini ya silinda nane, hulitengeneza jioni baada ya kazi, na Jumamosi hulipeleka uwanjani. Nyaya zake wamezifunga kwa mikono yao wenyewe. Na hapo ndipo taabu inapoingia.

Fikirini motokaa ya namna hiyo. Asubuhi, ikiwa imesimama pahali pake, yawashwa mara moja na kunguruma vizuri. Mwenyewe akanyaga mafuta, nayo yajibu kwa sauti ya kupendeza. Yapelekwa mwanzo wa njia, taa yawaka, yaondoka kama mshale. Katikati ya njia, injini ikiwa imefika mizunguko 6,000 kwa dakika, yaanza kukohoa. Mlio wa baruti wasikika katika bomba la moshi, mwenzake ampita, na mashindano yamekwisha. Arudipo nayo pahali pake, injini yanguruma kama kwamba haijapata kuugua maisha yake.

Rafiki wa kwanza asema, "Koili imekufa." Yanunuliwa koili. Rafiki wa pili asema ni plagi, wa tatu asema ni kile kisanduku cha elektroniki kinachoamrisha cheche, na wa nne ahakikisha kwa kiapo kwamba ni distribyuta. Kufika jioni mwenye gari ametumia fedha za mwezi mzima, na motokaa yakohoa palepale. Tena limezuka jambo baya zaidi. Ameondoa vitu vinne vilivyokuwa vizima na kuweka vinne asivyovijua, na huenda kimoja cha hivyo vipya nacho ni kibovu. Sasa hana kasoro moja ya kutafuta, bali labda mbili.

Ili kufahamu kwa nini injini huwa nzima ikisimama na mgonjwa ikikimbia, yafaa kujua cheche inatoka wapi. Aliyeweka msingi wa mpango huo wa betri na koili kama tuujuavyo ni Mmarekani Charles Kettering, wa mji wa Dayton katika jimbo la Ohio. Mpango wake ulitumika katika motokaa za Cadillac za mwaka 1910, na miaka miwili baadaye stata yake ya umeme iliwaondolea madereva adha ya kuzungusha injini kwa mkono, kazi ambayo ilikuwa imevunja mikono ya watu wengi.

Betri ina volti 12, na volti 12 haziwezi kuruka nafasi ya plagi hata ikiwa ndogo namna gani. Kwa hiyo umeme hupitishwa katika koili, ambayo ndani yake mna nyaya mbili zilizozungushwa juu ya chuma, mmoja mnene wenye mizunguko michache, na mwingine mwembamba kama unywele wenye mizunguko maelfu. Umeme upitapo katika waya mnene hukigeuza kile chuma kuwa sumaku. Ukikatwa ghafla, nguvu ya sumaku huanguka, na kwa kuanguka kwake huzaa katika waya mwembamba umeme wenye volti elfu ishirini na zaidi. Huo ndio urukao katika plagi na kuwasha petroli. Zamani kazi ya kukata ilifanywa na pointi ndani ya distribyuta. Katika motokaa nyingi za mbio siku hizi hufanywa na kisanduku cha elektroniki, ambacho hukusanya umeme mpaka volti mia nne au mia tano, kisha huutupa wote katika koili kwa pigo moja.

Sasa yafikiriwe mwendo wa kazi hiyo. Injini ya silinda nane ikizunguka mara 8,000 kwa dakika huhitaji cheche 32,000 kwa dakika hiyo moja. Ni zaidi ya cheche 530 kwa sekunde, na kati ya cheche na nyingine hakuna hata nafasi ya sehemu mbili za elfu ya sekunde. Kila cheche ikipigwa kisanduku hurudi kwa betri kuomba tena. Kadiri injini izungukavyo upesi ndivyo kisanduku kinavyokula umeme zaidi. Vingi vya visanduku hivyo hula karibu ampea moja kwa kila mizunguko elfu.

Jambo la pili ni msongo ndani ya silinda. Injini ingurumapo bila kazi, mlango wa hewa umefungwa karibu wote, hewa iingiayo ni kidogo, na cheche huvuka plagi bila taabu. Katika mbio mlango u wazi kabisa, silinda imejaa, na hewa na petroli zimesongwa kwa nguvu. Katika hali hiyo cheche huona shida kuvuka, na plagi ileile hudai volti mara mbili au zaidi ya zile ilizoridhika nazo mwanzoni. Ikiwa ganda la waya wa plagi limeungua kwa joto la bomba la moshi, au kifuniko cha distribyuta kina ufa mwembamba usioonekana, umeme huona heri kutokea hapo kuliko kuvuka plagi. Kwa hiyo kukanyaga mafuta gari limesimama, hata watu wakaziba masikio, hakuthibitishi neno lolote. Injini isiyovuta mzigo haijaulizwa swali gumu.

Fundi mwenye busara, aitwapo kuiangalia motokaa ile, hafungui sanduku la vyombo kwanza. Humwuliza dereva, kwani dereva ndiye peke yake aliyekuwako kasoro ilipotokea. Je, injini ilikatika ghafla kama taa iliyozimwa, au ililegea polepole? Kukatika ghafla aghalabu ni umeme. Kulegea polepole aghalabu ni petroli. Mshale wa kuonyesha mizunguko ya injini ulifanya nini? Ukianguka mpaka sifuri hali injini bado yazunguka, basi yamkini kisanduku chenyewe kilikosa umeme au kilikosa ishara ya kukiamrisha. Kukohoa kulianza katika mizunguko ileile kila mara? Kulianza gari liliporuka mwanzoni, ambapo kila kitu hutikisika, au baada ya injini kupata moto? Dereva mwangalifu aweza kwa majibu hayo kuondoa nusu ya kazi. Asiyejua huwa na jibu moja tu, "Ilimisi."

Jibu la mizunguko ileile kila mara lina maana ya peke yake. Motokaa nyingi za mbio zina kifaa kinachozuia injini isizunguke kupita kiasi, na kingine kinachoishika katika mizunguko ya chini hapo mwanzo wa njia mpaka dereva aachilie. Kifaa hicho cha pili huamrishwa na waya mmoja mwembamba. Waya huo ukichubuka na kugusana na wenye umeme, kifaa hudhani kwamba gari bado limesimama mwanzoni, nacho huzuia injini njia nzima. Kukohoa kwake ni sawasawa na kukohoa kwa koili mbovu. Watu wamebadilisha kila kitu chini ya boneti kwa sababu ya waya mmoja uliochubuliwa na ukingo wa bati.

Baada ya maswali huja betri. Betri nzima ya volti 12, iliyojazwa na kupumzika, huonyesha volti 12.6. Ikionyesha 12 kamili imekaribia kwisha, ingawa taa zake bado zawaka. Sasa wako washindani ambao huondoa alteneta ili kupunguza uzito na kuiachia injini nguvu zake zote. Gari la namna hiyo huishi kwa akiba ya betri peke yake, likilisha cheche, pampu ya petroli, pampu ya maji na feni. Asubuhi liko sawa. Alasiri, baada ya mbio tatu au nne, volti zimeshuka, pampu ya petroli yazunguka kivivu, na injini yapata petroli kidogo kuliko itakiwavyo. Hapo husemwa kwamba cheche ni mbovu, na kumbe injini ina njaa ya petroli, na njaa hiyo imeletwa na betri. Katika injini ya nguvu nyingi kukosa petroli ni hatari, kwa maana joto hupanda na pistoni huweza kutoboka.

Tuseme basi kwamba motokaa ya mfano wetu haina alteneta, lakini betri yake imejazwa vizuri na ina volti 12.6. Betri hiyo imehamishwa kutoka mbele na kuwekwa nyuma kabisa, ili uzito wake uyakandamize magurudumu ya nyuma yasiteleze. Mbio nyingi hufanya hivyo, na ni jambo jema. Lakini umeme ambao zamani ulisafiri mwendo wa mkono mmoja sasa husafiri urefu wote wa gari, tena kwenda na kurudi.

Neno hilo "kurudi" ndilo ambalo watu wengi hulisahau. Umeme hautoki katika betri na kupotelea katika taa au koili. Kila kilichotoka lazima kirudi betrini. Waya wa kwenda huonekana, ni mwekundu na mnene, nao hufungwa kwa uangalifu. Kurudi huachiwa chesisi, yaani chuma cha gari chenyewe, na mtu hufunga kipande cha waya mweusi kwa bolti ya karibu na kuona kazi imekwisha. Chesisi imepakwa rangi, na rangi haipitishi umeme. Mwili wa gari huenda ni wa faibaglasi, nayo haipitishi kamwe. Injini imekalishwa juu ya mipira isitikise gari, na mpira nao haupitishi. Pasipokuwa na waya mnene utokao katika injini mpaka kwenye chesisi na mpaka betrini, umeme wa stata hutafuta njia yoyote nyingine. Imetokea mara nyingi katika magari ya kila namna kwamba waya wa chuma unaovuta mlango wa petroli umepata moto na kuungua, kwa kuwa ndiyo njia pekee iliyobaki ya kurudi.

Fundi alipoletwa, mwenye gari alimwambia, "Nyaya zangu ni nzima, mzee. Nimezipima zote kwa mita, na kila mmoja waonyesha sifuri."

Fundi akamwuliza, "Ulizipima umeme ukipita ndani yake?"

Kumbe alizipima gari limezimwa, kwa kipimo cha omu. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Mita inayopima omu hupitisha umeme mdogo sana, na waya uliobakiwa na uzi mmoja katika nyuzi zake thelathini utaonyesha kwamba ni mzima. Daraja la gogo moja humvusha mtu aendaye kwa miguu bila shida. Anayetaka kujua kama litavusha lori ya mahindi hawezi kutosheka kwa kulivuka mwenyewe. Kasoro ya sehemu moja tu ya kumi ya omu, ambayo mita za bei rahisi haziwezi hata kuisoma sawasawa, hupoteza volti moja ampea 10 zikipita, na hupoteza volti 3 ampea zikiwa 30. Gari lililosimama huenda halifiki ampea 10. Gari lililo katikati ya mbio, feni na pampu zote zikifanya kazi na kisanduku kikipiga cheche mia tano kwa sekunde, huzipita kwa mbali.

Kwa hiyo fundi aliwasha vitu vyote vya umeme kwa pamoja, akaiweka mita katika kipimo cha volti. Vichwani mwa betri akapata 12.3. Si mbaya, maana betri ikifanya kazi lazima ishuke kidogo. Akapima pale umeme uingiapo katika kisanduku cha cheche, akapata 10.2. Volti 2.1 zilikuwa zimepotea njiani, nazo hazikupotelea hewani. Akashika waya mmoja wa mita juu ya kichwa chanya cha betri na mwingine mwisho wa waya mwekundu penye kisanduku. Mita ikaonyesha 0.3, nayo ni hasara ya kustahimilika kwa waya mrefu kama ule. Kisha akafanya vivyo hivyo kwa upande wa kurudi, toka penye kisanduku mpaka kichwa hasi cha betri. Mita ikaonyesha 1.8.

Mafundi wengi hawakubali bolti moja ipoteze zaidi ya sehemu moja au mbili za kumi ya volti. Fundi akausogeza ule waya wa mita hatua kwa hatua, kutoka kisanduku mpaka injini, kutoka injini mpaka chesisi, kutoka chesisi mpaka bolti ya nyuma. Mpaka hapo hasara ilikuwa ndogo. Alipoivuka ile bolti ya nyuma hasara yote ikaonekana. Ilikuwa imekazwa juu ya rangi nyeusi inayong'aa, rangi ambayo mwenye gari alikuwa ameipaka majira ya baridi kwa fahari kubwa. Umeme wote wa gari ulikuwa ukirudi kwa njia ya nyuzi za bolti peke yake, na siku zote gari lilipotikisika njia hiyo ilizidi kuwa nyembamba.

Rangi ilikwanguliwa mpaka chuma kikang'aa, na waya mnene ukavutwa kutoka kichwa hasi cha betri mpaka kwenye injini yenyewe, bila kuitegemea chesisi. Mita iliyosoma 10.2 ikasoma 11.9. Hapakununuliwa kitu ila waya na vichwa viwili vya shaba. Koili ya zamani ikarudishwa pahali pake. Ikumbukwe hata hivyo kwamba gari likisimama si sawa na gari likikimbia, basi fundi hakutangaza kwamba amelitibu. Alichukua mita ya namna ile inayokumbuka kipimo cha chini kuliko vyote, akaifunga ndani ya gari kwa utepe, na nyaya zake akaziunga penye kisanduku. Dereva alikwenda mbio zake, na aliporudi mita ikasema kama shahidi aliyekuwako kwamba volti hazikushuka chini ya 11.6 njia nzima. Injini haikukohoa.

Jambo hili, kwa hakika, si la mbio peke yake. Basi ambalo taa zake hufifia kila dereva apigapo honi, au lori ambayo stata yake hutoa mlio wa "taka" na kunyamaza ingawa betri ni mpya, huweza kupimwa kwa njia ileile na mita ileile, na mara nyingi jibu litapatikana katika bolti ileile ya kurudi.

Kama upande wa volti 12 umeonekana kuwa mzima, ndipo fundi hugeukia upande wa volti nyingi. Njia ya zamani ingali nzuri. Usiku, au ndani ya banda lenye giza, injini hunguruma na fundi hutazama. Palipo na ganda bovu huonekana cheche ndogo za buluu zikichezacheza juu ya waya au juu ya kifuniko cha distribyuta. Taa ya kupimia taimingi nayo husaidia, kwani ikishikizwa waya mmoja baada ya mwingine humulika kwa kila cheche, na penye cheche iliyokosekana taa nayo huruka. Nyaya za ishara zitokazo katika kifaa kinachohesabu mizunguko zapasa kusokotwa pamoja na kuwekwa mbali na nyaya za plagi, maana kelele ya umeme wa volti nyingi huingia ndani yake na kukipa kisanduku amri za uongo. Kwa sababu hiyo waya wa plagi wenye kiini cha shaba tupu, ambao wazee waliupenda, haufai penye vyombo vya elektroniki. Tena nyaya mbili za kifaa hicho zikigeuzwa, huu pahali pa ule, injini itawaka lakini taimingi itayumba kadiri mizunguko inavyopanda.

Wako mafundi ambao bado hushika waya wa plagi kwa mkono na kuukaribisha chumani ili waone cheche. Katika gari la pointi walitikiswa tu, wakacheka. Umeme wa kisanduku cha elektroniki una nguvu nyingine, na mtu aweza kuumia vibaya sana. Isitoshe, cheche ya wazi karibu na mvuke wa petroli haina adabu. Kuna kifaa cha bei ndogo cha kujaribia cheche, ambacho hubanwa chumani, na fundi husimama mbali.

Katika zile motokaa za nitromethani, cheche iliyopotea huleta balaa la namna nyingine. Hizo hazitegemei betri kwa kuwasha moto, bali zina magneto mbili, ambazo huzalisha umeme kwa kuzungushwa na injini yenyewe, na kila silinda ina plagi mbili. Kwa nini mbili? Kwa sababu mafuta yaingiayo ni mengi mno hata silinda ikikosa moto hujaa maji ya mafuta, nayo maji hayasongeki. Pistoni ipandapo na kuyakuta, kitu fulani lazima kipasuke. Watazamaji huona ndimi za moto katika mabomba ya kutolea moshi, na bomba moja likiacha moto na kutoa mvuke mweupe, fundi aliyesimama mwanzo wa njia hujua kwamba silinda hiyo imekufa kabla dereva hajasikia.

Turudi kwa motokaa yetu. Mwenyewe, akiisha kuona jinsi volti zilivyo na thamani, aliazimia kurudisha alteneta ili betri isimwishie alasiri. Aliifunga vizuri, na waya wake wa kujaza betri akauunganisha penye stata, pahali palipokuwa karibu. Fundi alipoona hivyo alimwambia awashe injini, kisha akaenda nyuma ya gari.

Kanuni za NHRA zataka gari ambalo betri yake imehamishwa liwe na swichi kuu nyuma kabisa, pahali ambapo mtu aliye nje aweza kuifikia, na upande wa kuzima uonyeshwe wazi kwa maandishi. Sababu ni rahisi. Gari likigonga ukuta na dereva akazimia, injini ikiendelea kuzunguka pampu nayo yaendelea kumwaga petroli juu ya bomba lenye moto. Mwokoaji hana nafasi ya kuingiza mkono ndani. Ageuze swichi moja tu, na kila kitu cha umeme kife, injini pamoja.

Fundi aligeuza swichi. Betri ikakatwa, lakini injini ikaendelea kunguruma kama kwanza, kwani alteneta ilikuwa ikikilisha kisanduku cha cheche yenyewe bila kuhitaji betri. Mwenye gari alinyamaza. Alikuwa amekwenda na swichi hiyo msimu mzima akiiamini, na ni kweli kwamba bila alteneta ilifanya kazi. Ni ule waya mmoja mpya uliokuwa umeigeuza kuwa pambo.

Waya wa alteneta uliondolewa penye stata, ukavutwa mpaka nyuma na kuungwa upande wa betri wa swichi kuu, pamoja na fyuzi karibu na betri, kwa kuwa waya huo sasa ungekuwa na umeme hata swichi ikizimwa. Kwa mpango huo swichi hukitenga kisanduku na betri na alteneta kwa wakati mmoja. Injini iliwashwa tena, ikaachwa ipate moto. Mwenye gari mwenyewe alikwenda nyuma, akaigeuza swichi kwa vidole viwili, na injini ikanyamaza papo hapo.